Sauti ya Chini Isipotee: Gitare ya Besi Katika Historia Yetu na Ufundi wa Kuamsha Mikro Iliyonyamaza

1. Utangulizi

Mtu akitaja neno «mila» hapa Goma, wengi wetu tunafikiri mara moja ngoma ya ngozi, likembe, mahari, methali za wazee na chakula cha harusi. Hatukatai. Hayo yote ni mali yetu. Lakini mila si kitu kilichofungwa siku moja ndani ya sanduku kikaachwa humo. Mila ni kazi ambayo mtu anaipokea kwa mwingine, anaifanya kwa mikono yake, kisha anaifundisha yule anayekuja nyuma yake. Kwa kipimo hicho, gitare ya umeme nayo imekwisha kuwa kitu cha kwetu, na ufundi wa kuitengeneza ni desturi sawasawa na ile ya kuvalisha ngoma ngozi mpya.

Katika insha hii tunapenda kuzungumza juu ya gitare moja, ile ya besi, na juu ya ugonjwa wake mmoja, yaani mikro inayonyamaza. Tunaposema mikro, hatutaki kusema ile ya kuimbia. Tunataka kusema kile kisanduku chembamba kilicho chini ya nyuzi, ambacho kinasikia nyuzi zikitetemeka na kupeleka habari hiyo kwenye ampli.

Kwa nini tumechagua jambo dogo namna hii? Kwa sababu katika korale na orkestra za mji wetu tunaona gitare za besi zinawekwa pembeni, ama zinauzwa kwa bei ya bure, juu mtu mmoja alizitazama kidogo akasema: «Hii mikro ilishakufaka.» Mara nyingi haikufa. Ni waya mmoja umekatika, ama uchafu umeingia, na hapakuwa mtu wa kutafuta kwa utaratibu. Hasara ni ya wote, kwani kundi lisilo na besi linaimba kama nyumba isiyo na msingi.

2. Sauti ya chini kabla ya umeme

Wazee wengi wanasema jina la mji wetu linatoka kwa neno «ngoma». Iwe hivyo ama sivyo, sote tunajua kwamba katika ngoma za mikoa ya Kivu kuna ndogo inayosema haraka na kubwa inayosema pole. Ile kubwa haizungumzi sana, lakini wachezaji wanaifuata yenyewe. Ikinyamaza, miguu inapotea. Hiyo njo kazi ya sauti ya chini: haijionyeshi, lakini inabeba wengine.

Ngoma hizo zilikuwa na mafundi wake. Ngozi ikilegea kwa sababu ya mvua, ilipelekwa karibu na moto ama juani, ikakaza tena. Ikipasuka, ilivuliwa na kuvalishwa nyingine. Hakuna aliyetupa mti wa ngoma kwa sababu ya ngozi.

Chombo kingine kinachotufundisha ni inanga, ile ya nyuzi zilizolala juu ya ubao uliochongwa kama sinia ndefu. Inajulikana Rwanda na Burundi, na kwa ndugu zetu Bashi wa Kivu ya Kusini inaitwa lulanga. Ukiitazama unaona nyuzi nyingi, kumbe kwa desturi ni uzi mmoja tu mrefu, unaokwenda na kurudi kutoka ncha moja ya ubao hadi nyingine. Ukikatika mahali pamoja, kukaza kwake kote kunalegea. Msomaji aweke mfano huu kichwani, tutauhitaji mbele.

Kisha ikaja gitare. Huko Katanga, katika miji ya migodi, vijana wa miaka ya 1940 na 1950 walipiga gitare kavu, yaani ile isiyo na umeme, na wengi waliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville (leo Likasi) kijana Mwenda Jean-Bosco, akarekodi wimbo wake «Masanga», ambao ulijulikana hata nje ya Afrika. Mtu akisikiliza Mwenda, ama Losta Abelo, ama Edouard Masengo, atatambua kwamba gitare moja inafanya kazi ya watu wawili. Kidole cha shahada kinaimba juu, na kidole gumba kinatembea chini. Kidole gumba hicho ndicho babu wa besi yetu. Yule mpiga-besi tunayemwona leo amesimama nyuma ya orkestra amechukua kazi ya kidole kimoja, akaipa gitare nzima.

3. Besi ya umeme inazaliwa, kisha inafika kwetu

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme unazaliwa ndani ya waya huo. Tunalifundisha jambo hilo katika shule zetu za sekondari, mara nyingi kwa chaki tu. Ilipita miaka mia moja kabla ya watu kulitumia kwa muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Marekani, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza gitare iliyosikika kwa sumaku na waya. Katika miaka hiyohiyo, mjini Seattle, Paul Tutmarc alijaribu besi ya umeme ya kushika mikononi, lakini haikuenea. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender, iliyotoka mwaka 1951 kwa jina la Precision. Mpaka hapo wapiga-besi walibeba kontrabasi, ile fidla kubwa inayomzidi mtu urefu. Fikirini kuipandisha juu ya motari kutoka Majengo hadi Himbi!

Huku Kongo, gitare ya umeme iliingia kwa mlango wa Leopoldville. Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitare wa jaz, alifika huko katika miaka ya 1950 na studio ya CEFA, na wanahistoria wengi wanamtaja kuwa ndiye aliyewaonyesha vijana wa mji gitare ya namna hiyo. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza 1953, na OK Jazz ikafuata 1956. Besi bado ilikuwa kontrabasi. Wakati wa Meza ya Duara ya Brussels, mwanzo wa 1960, ambapo wimbo wa uhuru «Indépendance Cha Cha» ulizaliwa, aliyeshika sauti ya chini ni Armand Moango, aliyeitwa Brazzos, wa OK Jazz. Katika miaka ya 1960 besi ya umeme ilichukua nafasi polepole, na tangu hapo rumba ya Kongo haijaiacha.

Kutoka Kongo sauti hiyo ilitembea kuelekea mashariki. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa kwetu walikwenda Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Orkestra Maquis ilitoka Katanga ikakaa Tanzania. Samba Mapangala aliishi Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaunda huko Orchestra Virunga, jina la milima yetu ya volkano. Kwa hiyo mtoto wa Goma akishika besi leo, haigi wageni. Anachukua kitu ambacho jirani zake wamekizungusha miaka sitini.

4. Mafundi wa Kongo na sumaku

Kuna watu wanaofikiri kwamba Mwafrika amenunua tu gitare za umeme, hakuelewa ndani yake. Jibu lipo Kinshasa. Mwaka 1966 Mawangu Mingiedi alianzisha kundi lililojulikana baadaye kwa jina la Konono N°1. Alipiga likembe, lakini kelele za mji zilikuwa zinaimeza. Basi akachukua sumaku za vyuma vikuukuu vya magari, akazungusha waya wa shaba, akajitengenezea mikro zake mwenyewe. Kundi lake lilikuwa na likembe za umeme za sauti tatu, na moja ya hizo ni besi. Disko lao «Congotronics» lilipotoka mwaka 2004, Wazungu walishangaa wakafikiri ni sauti mpya ya siku za mbele. Mzee Mingiedi, aliyefariki 2015, alikuwa ameifanya kwa haja tu: alitaka watu wamsikie.

Huku kwetu roho ni ileile. Mji unaochonga chukudu kwa mbao na kuibebesha mizigo ya magunia si mji wa kushindwa na kisanduku chenye waya. Mafundi wa Birere wanafufua redio, telefoni na bafle kila siku, na mafundi wa bobinaji wanazungusha upya waya wa mota na wa alternateri. Kinachokosekana kwa gitare si mikono. Ni kujua wapi kutafuta.

5. Mikro ni nini?

Tufungue sasa kisanduku. Ndani tunakuta vitu viwili: sumaku, na waya wa shaba uliozungushwa kuizunguka sumaku hiyo. Mzunguko huo wa waya tunauita bobini. Waya ni mwembamba sana, kama milimita 0.06, yaani sawa na unywele, na umepakwa vernisi ili duru moja isiguse nyingine. Katika mikro ya besi duru zinahesabiwa kwa maelfu, na mara nyingine zinakaribia 10,000. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya bobini. Ndiyo maana uzi wa nailoni hauwezi kusikika kwa mikro hii, lakini kamba ya freni ya kinga inaweza, kwani ni chuma.

Msomaji akumbuke sasa inanga. Bobini nayo ni uzi mmoja unaokwenda na kurudi. Ukikatika mahali pamoja tu, hata kama duru zote nyingine ni nzima, mikro yote inanyamaza. Haipunguzi sauti kidogo kidogo kama mzee anayechoka. Inanyamaza mara moja. Lakini sababu hiyohiyo inaleta tumaini, maana mahali palipokatika ni pamoja tu, na pakipatikana panaweza kuungwa.

Toka kwenye bobini umeme unapita njia fupi: unakwenda kwenye kifungo cha sauti, unapita kando ya kifungo cha toni, unafika kwenye shimo la jaki, unaingia katika kabli, unafika kwenye ampli. Hiyo ni barabara. Kama gari halifiki Sake, haimaanishi kwamba mota imekufa. Labda daraja limevunjika.

6. Kutafuta ugonjwa

Hapa tunaomba uvumilivu, kwani haraka haraka haina baraka. Fundi mwema anatoka nje akienda ndani, hafungui kitu kabla ya kuuliza maswali. Utaratibu ni huu:

a) Kwanza kabli na ampli. Chomeka gitare nyingine kwa kabli ileile. Ikinyamaza nayo, besi haina kosa. Tunasema bila kuhesabu kwamba kabli ndiyo inayosingiziwa kidogo na kukosa mara nyingi.

b) Pili, pile. Besi nyingine zina pile ya volti 9 ndani, mgongoni. Pile ikiisha, sauti inakufa yote ama inakwaruza. Besi za namna hiyo zinakula pile kila wakati jaki ikiwa imechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Anayeacha kabli ndani usiku kucha ataamka na besi bubu.

c) Tatu, vifungo. Vizungushe mara kumi kwenda na kurudi. Kama sauti inarudi ikikatikakatika, uchafu umeingia ndani ya kifungo. Besi yenye mikro mbili ina mara nyingi kifungo cha sauti kwa kila mikro. Fungua moja na kufunga nyingine, ujue ni ipi inayonyamaza.

d) Nne, kugonga. Shusha sauti ya ampli, kisha ugonge pole juu ya mikro kwa ncha ya turnevisi ndogo. Mikro nzima inajibu «to, to» katika bafle. Mikro bubu haijibu.

e) Tano, kupima. Hapa tunahitaji testeri, chombo ambacho kila fundi wa redio anacho. Iweke kwenye omu, chomeka kabli katika besi, fungua sauti yote, gusa ncha ya jaki kwa waya mmoja wa testeri na mwili wa jaki kwa mwingine. Kwa besi isiyo na pile, hesabu inayosomeka inazungumza:

- Ikionyesha kati ya omu 5,000 na 12,000, bobini ni nzima. Tafuta ugonjwa pengine.
- Ikionyesha sifuri ama karibu yake, waya wa sauti umegusana na waya wa ardhi mahali fulani, mara nyingi kwenye jaki.
- Ikionyesha karibu 250,000 ama 500,000, testeri haioni bobini tena. Inaona kifungo cha sauti peke yake, kwani hiyo ndiyo hesabu ya kifungo. Basi bobini imekatika, ama waya wake umetoka kwenye kifungo.
- Isipoonyesha kitu kabisa, njia imekatika kati ya kifungo na jaki, ama ndani ya kabli.

Vijana wengi wanashangaa hapo. Testeri ya kawaida na hesabu moja tu zinatosha kusema mlango gani wa kubisha. Kazi hii haitaki uchawi wala kipaji cha kuzaliwa. Ni fizikia ya darasani iliyopata mahali pa kufanya kazi.

Tuchukue mfano. Katika korale moja ya upande wa Ndosho, besi ya namna ya Precision ilikaa miezi mitatu juu ya kabati. Walikuwa wameambiwa wanunue nyingine. Tulipopima kwenye jaki tukasoma karibu 250,000. Tangu mwaka 1957 Precision ina mikro iliyogawanywa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba, na vipande hivyo vimeunganishwa kwa kufuatana. Kimoja kikikatika, vyote viwili vinanyamaza. Tulitenganisha na kupima kila kipande: cha kwanza kikasema omu 5,000 na kitu, cha pili hakikusema neno. Kumbe nusu ya mikro ilikuwa nzima, na ilinyamazishwa na ndugu yake.

7. Kuponya

Ukisha kujua kwamba bobini ndiyo mgonjwa, ondoa nyuzi, toa mikro, uisafishe kwa brashi laini. Katika mji wetu kazi hii ina maana yake. Mchanga mweusi wa volkano una chembe ambazo sumaku inazishika. Kila mtoto wa Goma aliyewahi kukokota sumaku ya bafle chini anajua. Chembe hizo zinajishikiza kwenye mikro kama ndevu. Tuongeze unyevu wa ziwa na jasho la mpigaji, ambavyo vinakula shaba polepole, na mtikisiko wa motari juu ya mawe ya lava. Haishangazi waya wa unene wa unywele ukikatika.

Mahali unapokatika mara nyingi ni kwenye miisho, pale waya mwembamba unaposudewa, yaani unapolehemiwa, pamoja na waya mnene unaotoka nje. Tafuta hapo kwanza kwa lenzi na mwanga mzuri. Kama ni mwisho wa nje uliokatika, kazi ni ndogo: fungua duru moja, kwangua vernisi kwa upole, sude tena kwa chuma chenye ncha ndogo, sekunde mbili ama tatu, usichome plastiki. Duru moja ikipotea kati ya maelfu, hakuna sikio litakalojua. Besi ya korale tuliyoitaja iliponea hapo hapo.

Kama ni mwanzo wa ndani uliokatika, ule uliofunikwa na duru zote, kwa kawaida inabidi kuzungusha upya bobini nzima. Hapo msaada unatoka kwa mafundi wa bobinaji, lakini tuwe waangalifu, waya wa mota ni mnene mno. Mtu anaweza kuupata mwembamba ndani ya rele ndogo na transfoma ndogo za vyombo vilivyokufa. Mashine ya kushona ya mkono, ikifungiwa mikro mahali pa gurudumu, inazungusha vizuri. Kinachotakiwa ni mtu wa pili wa kuhesabu, na mkono usiovuta waya kwa nguvu.

Bobini ikiisha kuzungushwa, inaogeshwa katika nta ya mshumaa ili duru zisitikisike na kupiga filimbi ndani ya bafle. Nta iyeyushwe ndani ya kopo lililosimama katika maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani inaweza kuwaka. Isipite digrii 65 hivi, la sivyo plastiki inapinda.

Ukirudisha nyaya, angalia zisigeuzwe. Katika besi ya mikro mbili, nyaya za mmoja zikigeuzwa, mikro zote mbili zikifunguliwa pamoja sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ya mfukoni, na chini yote inapotea. Wengine wanafikiri kazi imeharibika. Geuza nyaya mbili tu, basi.

Na neno moja la usalama. Ndani ya besi hakuna umeme wa kuua, lakini ndani ya ampli upo, hata baada ya kuichomoa. Asiyejua asiifungue. Vilevile nyuzi za besi zimeunganishwa na chuma cha ampli. Kama ampli inatumia grupu ama mstari usio na waya wa ardhi, mpiga-besi anayegusa mikro ya kuimbia kwa midomo anaweza kurushwa. Kabla ya ibada ama konseri, mtu apime. Kifo cha kijana si bei ya wimbo.

8. Kwa nini jambo hili ni letu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuyaandike haya katika kitabu cha mila, mafundi si wapo? Wapo. Lakini tutazame historia ya mji wetu. Mwaka 1994 umati wa wakimbizi ulitufikia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na nyumba, maduka na ateliye zikalala chini yake. Novemba 2012 vita viliingia mjini. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoka tena, na siku chache baadaye watu waliambiwa wahame, wakakimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia tena.

Kila safari, mtu anabeba watoto, godoro na sufuria. Besi inabaki, ama inanyeshewa. Na fundi naye anaondoka, na ujuzi wake unaondoka kichwani mwake. Akirudi, ni heri. Asiporudi, kijana aliyekuwa anamtazama kazini anabaki na nusu ya somo, na anayekuja nyuma yake hapati hata robo. Ngoma ilivumilia mambo hayo kwa sababu kila kijiji kilikuwa na watu wengi waliojua kuvalisha ngozi. Mikro inajulikana kwa wachache. Wachache hao wakitawanyika, mji mzima unakuwa mji wa kununua na kutupa.

Na hata katika taabu hizo watu hawakuacha kupiga. Mwezi wa pili wa 2014, muda mfupi baada ya vita kutulia, maelfu walikusanyika Koleji Mwanga kwa Amani Festival ya kwanza, wakacheza pamoja bila kuulizana kabila. Chini ya miguu yao kulikuwa na besi. Wengi hawakuitazama, lakini ndiyo iliyowapanga.

9. Mwisho

Tunamaliza kwa maombi matatu. Kwa walimu wenzetu: somo la sumaku na bobini lifundishwe na mikro mkononi, si ubaoni tu, kila shule ina jirani mwenye gitare iliyonyamaza. Kwa viongozi wa korale na orkestra: kabla ya kutafuta pesa za besi mpya, tafuteni kwanza mwenye testeri. Kwa mafundi wetu: mkubali vijana wakae karibu nanyi, muandike hesabu zenu katika daftari, omu ngapi, duru ngapi, waya gani ulitoka wapi, na daftari hilo likae mahali ambapo mwingine ataliona.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe hapa ni mwembamba kama unywele, na mtu mwenye lenzi, subira na estani kidogo anaweza kuuziba kwa saa moja.